Baruti Kidogo Kwenye Ganda Kubwa

Nakumbuka Ijumaa moja ya mwaka 2017, Ijumaa ya baridi kali ya mwezi wa saba, nilipoitikia salamu ya binti wa watu na nusura nimuue kwa kuiitikia.

Usicheke, mwanangu. Najua Kiswahili changu unakisikia vizuri hata kama utanijibu kwa Kiingereza. Keti. Jumatatu unaanza kazi kwenye duka la dawa. Watakukabidhi mzani na koti jeupe, na mama yako ameshakutafutia viatu. Zawadi yangu mimi ni habari hii. Ina aibu yangu ndani, kwa hiyo usiipeleke kanisani.

Wakati huo nilikuwa na miaka hamsini na miwili. Mvi nilikuwa nazo, watoto nilikuwa nao, lakini katika ile kazi nilikuwa kijana mbichi, na kiburi cha ujana nilikuwa nacho chote. Miaka minne nilikuwa nimesimama mlangoni pa karakana ya Mzee Kobus kama mlinzi. Unaikumbuka ile karakana, katikati ya Johannesburg hapa, nyuma ya maduka ya jumla, yenye mlango wa chuma uliokuogopesha ulipokuwa mdogo. Mzee Kobus alikuwa fundi wa bunduki za kuwindia, Mzungu wa miaka karibu themanini. Alizaliwa Kenya, upande wa Eldoret, kwenye shamba la ngano la baba yake, akaletwa huku akiwa kijana. Kiswahili chake kilikuwa kile cha mashambani cha zamani, hakina sarufi wala haya. Siku ya kwanza aliponisikia naongea na simu kwa Kiswahili, alisimama kimya akasikiliza mpaka nilipomaliza. Tangu hapo hakuniongelesha Kiingereza tena.

Mwaka wa tano akaniingiza ndani, kwenye meza ya risasi. Watu wengi hununua risasi dukani, lakini wenye bunduki kubwa, zile za nyati na tembo, hupenda kutengenezewa. Ganda la shaba lililokwisha kupigwa unalisafisha, unalitia fataki mpya ya kuwashia baruti kwenye kitako, unapima baruti na kuimimina ndani kwa faneli, halafu unakandamiza kichwa cha risasi mdomoni. Vibali vyote vilikuwa vya Mzee, na kazi niliifanya akiwa chumbani. Niliipenda kazi ile kuliko zote nilizowahi kufanya katika nchi hii, nakwambia kweli. Baada ya kufungua na kufunga mlango miaka minne, kupewa kitu cha kupima kunamrudishia mtu utu wake.

Meza ilikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, ukishamimina baruti kwenye maganda yote, unapitisha tochi juu ya kila mdomo na kuangalia ndani kabla ya kufunga hata moja. Ya pili, aliye mezani hasalimiwi, na akisalimiwa haitikii. "Salamu iko mlango," Mzee alikuwa akisema. Hii ya pili ilinikera. Mimi mtu wa Kalemie, mtu anisalimu ninyamaze kama watu waliokosana? Niliihesabu kuwa ukorofi wa Kizungu, nikaitii kwa sababu kazi nilikuwa naitaka.

Basi alikuwepo Rehema, binti wa Kitanzania aliyekuwa anasomea mambo ya wanyamapori chuo kikuu, pale Braamfontein. Alitaka kuwa kiongozi wa watalii wanaotembea porini kwa miguu. Kazi hiyo hupewi mpaka ufaulu mtihani wa bunduki kubwa, kwa sababu nyati akija, watalii wako nyuma ya mgongo wako na msaada mwingine hakuna. Sasa bunduki kubwa ina teke. Mtu akishaumizwa na teke hilo mara chache, mwili wake unaanza kuogopa wenyewe. Anafumba macho kabla hajafyatua, bega linajikaza, na risasi inakwenda kwenye majani. Mzee, aliyekuwa akimfundisha Rehema, alikuwa na tiba yake. Unamwanzisha mtu na risasi nyepesi, baruti kidogo, teke dogo, mpaka mwili usahau, ndipo unampandisha pole pole.

Sikiliza hapa vizuri, maana hapa ndipo penye hatari. Risasi kamili, baruti inalijaza ganda. Ukikosea ukamimina mara ya pili, inamwagika mezani na wewe unaona. Lakini risasi nyepesi ni baruti kidogo kwenye ganda kubwa, inakaa chini kabisa. Ukimimina mara mbili inaingia yote, bila hata punje moja kudondoka. Kwa jicho la nje, risasi hiyo haina tofauti na wenzake. Siku ikipigwa, bunduki inaweza kupasuka usoni mwa aliyeishika.

Ijumaa ile nilikuwa najaza risasi nyepesi arobaini za Rehema, za kujifunzia Jumamosi. Mzee alikuwa kwenye meza yake nyingine, amenipa mgongo. Nilikuwa safu ya tatu ya maganda Rehema alipoingia, akasimama nyuma yangu akasema, "Shikamoo, Baba Furaha."

Mwanangu, sisi Wakongo hatuna shikamoo. Na katika jiji hili, kwenye teksi naitwa "my friend", dukani naitwa majina mengine ambayo unayajua. Binti yule alikuwa mtu pekee Johannesburg nzima aliyekuwa akiniamkia, na kila aliponiamkia nilijiona nimerefuka. Nikageuka mzima mzima. Nikasema marahaba, nikauliza masomo, nikauliza baridi ya Braamfontein, nikauliza mama yake kule Morogoro na mguu wake unaouma. Nikaanza hata kumweleza ninachokifanya, kama profesa. Niliporudi kwenye meza, sahani ya mzani ilikuwa tupu na faneli imekaa mdomoni mwa ganda. Sikujua kama ganda hilo nilikuwa nimeshalimiminia au bado.

Tochi ilikuwa kando ya mkono wangu. Ningeichukua ningejua mara moja. Lakini binti ametoka kuniamkia kwa heshima zote, anatazama kila ninachofanya, nami nianze kuchungulia maganda kama mtu aliyepotea? Nikajiambia bado. Nikapima, nikamimina. Nikamaliza safu zilizobaki, kisha nikaanza kuzifunga moja baada ya nyingine, haraka haraka, ili ionekane kazi hii naijua. Mzee akauliza kutoka kule kwenye meza yake, bila kugeuka, "Tochi?"

"Tayari, Mzee," nikasema.

Hapo ndipo nilipokosa kweli. Kusahau ni jambo la binadamu yeyote. Lakini lile "tayari" nililitengeneza mwenyewe kwa mdomo wangu.

Sikulala vizuri. Mama yako alidhani ni tumbo, akanichemshia tangawizi. Asubuhi Mzee akatupitia kwa gari lake, Rehema mbele, mimi nyuma na kasha la risasi mapajani, tukaelekea kiwanja cha shabaha kusini mwa jiji. Nilijiambia nitasema kwenye robot ya kwanza, kwenye taa za barabarani, gari likisimama. Likasimama, nikaona nitasema kwenye inayofuata. Robot zote za Johannesburg nilizipita hivyo hivyo, nyekundu kwa kijani. Na Rehema kule mbele anacheka, anamsimulia Mzee jinsi mdogo wake alivyokimbizwa na kuku. Nilimtazama kisogo chake. Nilijua kwamba nikinyamaza anaweza asirudi na uso wake, na bado nikanyamaza. Nakuambia hili ili ujue baba yako ni mtu wa namna gani akiachwa na hofu yake.

Kiwanjani Rehema akasimama, akaishika bunduki, Mzee akampa risasi ya kwanza. Akaiingiza. Akaweka shavu kwenye kitako.

"Mzee, ngoja," nikasema. "Niko na neno."

Nikasema yote. Kwamba sikupitisha tochi. Kwamba kuna ganda moja labda nililijaza mara mbili, na sijui ni lipi. Mzee hakupandisha sauti. Aliichukua bunduki mikononi mwa Rehema, akaitoa ile risasi, akairudisha kwenye kasha, akafunga kifuniko.

"Wewe najua tangu lini?"

"Tangu jana saa tisa."

Akatazama saa yake. Ilikuwa saa nne asubuhi. "Saa kumi na tisa," akasema, akaturudisha wote karakana.

Nilipendekeza tuzipime nzima nzima kwenye mzani, ile nzito ijulikane. Alisema maganda yenyewe hayalingani uzito, na yeye habahatishi pale uso wa mtu ulipo hatarini. Kuna kifaa kama nyundo ya plastiki. Unaweka risasi kwenye kichwa chake, unaigonga juu ya gogo, kichwa cha risasi kinachomoka na baruti inabaki ndani ya nyundo. Basi nikagonga. Rehema akawa anapokea baruti, Mzee anapima. Arobaini zote, mwanangu. Mkono uliniuma mpaka begani. Nilikuwa naomba Mungu ile mbaya ionekane ili nisionekane mjinga, na papo hapo naomba isionekane ili nisiwe nimetaka kuua. Ya thelathini ikapita, sawa. Ya thelathini na tisa, sawa. Ya arobaini, sawa na wenzake.

Hakukuwa na iliyojazwa mara mbili. Nikacheka, kicheko kile cha mtu aliyepona. Nikasema, "Mzee, kumbe hakukuwa na kitu."

Ndipo aliponitazama. "Hapana cheka," akasema. "Kama wewe nanyamaza, leo huyu mtoto napiga zote arobaini, hapana kitu napasuka. Halafu wewe nafikiri kunyamaza ni mzuri. Siku ingine wewe nanyamaza tena." Akaigusa sahani ya mzani kwa kidole. "Hii najua kupima. Mimi nataka mtu naweza sema 'sijui' saa ile ile."

Maneno hayo yaliniuma kuliko kufukuzwa kazi. Nikainamisha kichwa. Nikamsikia Rehema anasema, "Na mimi nina langu."

Akavuta ukosi wa sweta pembeni kidogo. Bega lote la kulia lilikuwa zambarau na njano. Akasema alikuwa amepiga risasi kamili na wenzake wa kozi kwa wiki mbili, yeye mwanamke peke yake kati ya wanaume kumi, na kila alipoulizwa alisema haumii. Kumbe kila akifyatua alikuwa anafumba macho. Alikuwa amepanga kutuambia hizi nyepesi zinamtosha leo tu, wiki ijayo apewe kamili, aende kwenye mtihani hivyo hivyo. "Ningekwenda porini na watu nyuma yangu, nimefumba macho," akasema, na machozi yakamtoka. Mimi nami nililia, sikuona haya.

Mzee akampa wiki tatu za kupumzisha bega bila kugusa bunduki. Baadaye, kiwanjani, akawa anaijaza bunduki yeye, Rehema haoni. Mara anatia risasi nyepesi, mara ganda lisilo na kitu. Likija tupu, hakuna mlio wala teke, lakini mtutu unaruka kwa hofu na kila mtu anaona, akiwemo yeye mwenyewe. Siku mtutu ulipotulia, wakaanza kupanda. Mtihani wa kwanza alifeli. Wa pili alifaulu, na leo anatembeza watu porini huko kwao.

Lakini kitu ninachokitunza moyoni ni siku aliyorudi karakana baada ya bega kupona. Nilikuwa mezani. Nilisikia mlango, nikasikia hatua zake, kisha kimya. Nikamaliza safu zote. Nikapitisha tochi, mdomo kwa mdomo. Nikafunga ya mwisho, nikaweka mikono chini. Ndipo nyuma yangu akasema, taratibu, "Shikamoo, Baba." Nikageuka nikamwitikia, na shikamoo ile ilikuwa tamu kuliko zote alizowahi kunipa.

Basi mwanangu, Furaha wangu, sikia. Utakuwa unahesabu vidonge vya mtoto wa mtu, na mtu atakuita jina lako vizuri, atakusifu, atakuuliza habari za nyumbani. Maliza kwanza. Akinuna, mwambie ni baba yako aliyekulea vibaya. Ukipotea katikati ya hesabu, mwaga zote urudie, hata foleni ikiwa imefika barabarani, hata mkubwa wako akiwa anatazama. Na kama dawa imeshatoka mlangoni ndipo shaka ikakuingia, mkimbilie aliyeibeba. Usingoje robot inayofuata. Ukikuta hakukuwa na kosa, usijute kukimbia.

Mungu aliyeufungua mdomo wangu asubuhi ile akuongoze wewe. Akupe mikono iliyotulia. Akuwekee karibu watu wa kukuambia hapana cheka. Na siku utakapopaswa kusema "sijui", neno hilo litoke upesi, kabla mtu hajaweka shavu lake kwenye kosa lako. Amina. Haya, nenda ukajaribu hivyo viatu.