Jiwe la Mkono Mzima

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hospitali ya misheni karibu na Njombe, nilikabidhiwa sufuria. Enzi hizo za Mwingereza, dresa, yaani msaidizi wa kufunga vidonda, alianzia kwenye kuchemsha bandeji. Nilizichemsha mpaka nikazichukia. Baadaye Bwana Mganga akanifundisha kufunga plasta ngumu ya mfupa uliovunjika, ile ambayo wagonjwa huiita hogo, na hapo nikaanza kutembea kifua mbele.

Nilipohamishiwa zahanati ya Makambako nilikwenda na somo la Sista Mkuu wa hospitali ile. "Mkono mmoja ukiwa ndani ya hogo, ufanyishe kazi ule wa pili," alisema. "Amri ya kunyanyua hutoka ubongoni, na upande uliolala nao huisikia." Watu walinicheka. Mimi nilikuwa nimeyaona kwa macho yangu.

Akaja Mama Yohana, mjane, amevunjika mkono wa kulia na mvua za kupandia zinakaribia. Asiposhika jembe, wanawe wangelala njaa. Rahabu, wifi yake, alikuja kumuuguza, lakini kwao walimtaka arudi kabla ya mvua. Nikampa Mama Yohana jiwe ndani ya kikapu, alinyanyue kwa mkono wa kushoto asubuhi na jioni.

Wiki zikapita. Nikaupima ule mkono wa kushoto: nguvu hazikuongezeka hata kidogo.

"Kamwene, Mama," nilimsalimu. "Jiwe unalinyanyua?"

"Linanyanyuliwa, Bwana Dresa."

"Na nani?"

"Na mimi," Rahabu akadakia. "Kwetu mgonjwa habebi mzigo na ndugu yupo."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. "Dada, nguvu zinavuka kutoka mkono wake mwenyewe. Zako haziwezi kumfikia!"

"Si ungesema mapema?" alijibu, amenikazia macho.

Tangu siku hiyo kazi ya Rahabu ikawa kusimamia tu, bila kugusa. Ilimuuma kumwona wifi yake akitoka jasho, lakini alivumilia.

Siku ya kukata hogo, mkono ulitoka mwembamba. Nikampa Mama Yohana vidole vyangu avibane kwa mkono huohuo. Alivibana nikaruka! Mvua zilipoanza alilima polepole, akipumzika, na shamba likapandwa.

Sasa nimestaafu. Juzi niliteleza uani, nikafungwa hogo mkono wa kushoto. Rahabu, ambaye nilikwenda kumposa mwaka uleule, akaniletea jiwe ndani ya kikapu. Nikamwomba anisaidie, walau leo tu.

"Nyanyua mwenyewe, Bwana Dresa," akasema, akavuta kigoda akaketi kunisimamia.