Ua Lisiloliwa na Mbuzi

Mwanangu wa kwanza alikufa wakati wa kiangazi, miaka ya sitini, tukikaa kwetu Siyu. Wanaume walimchukua, sisi wanawake tukabaki ndani, ndiyo desturi yetu. Sikuona alipolazwa. Maziwa yalikuwa bado yananitoka na kulowesha kanga, nami nikiyatazama tu. Mama alinisifu mbele ya wageni kwamba nina subira. Subira gani? Sikuwa nahisi kitu.

Mume wangu, mtu wa Lamu mjini aliyekuja kuoa kwetu, nilimwuliza nitamjuaje mwanangu katika makaburi yote yale. Kaburi la mtoto mchanga lilitiwa kijiwe tu. Ukipanda mrihani wa kunukia hapo, mbuzi wanakushukuru.

"Nimemtilia kitunguu-mwitu yuu ya kitwa," akasema. "Mbuzi hawakili."

Kitunguu hicho cha kichwani alikipata shambani kwa marehemu babangu, kimefukuliwa na jembe. Nilikijua. Huota penye mawe. Kiangazi huoni hata dalili yake, mvua ikinyesha hutoa ua jekundu la duara, kubwa kama ngumi, kabla ya majani. Basi nikangoja masika. Nilipika, nilifua, nilijibu salamu, lakini kazi yangu hasa ilikuwa kungoja ua.

Mvua zikaja. Siku jua lilipotoka tukaenda, yeye mbele, mimi nyuma na buibui langu. Alipofika penye ukuta wa makaburi akasimama.

Kote kulikuwa kwekundu. Vitunguu vilikuwa vimelala chini ya mawe yale miaka na miaka, maana pale hapalimwi, na yeye mgeni alipanda chake ardhi ikiwa tupu, asijue. Mimi nami sikuwahi kukanyaga pale. Mvua ilikuwa imesawazisha udongo na kutawanya vijiwe.

"Lilikuwa papa hapa," akasema. Akasogea. "Au hapa."

Akainama, akainuka, akarudi alikotoka. Kisha akalia. Nilimwonea huruma kidogo, kama mtu nisiyemjua.

Nikachuchumaa penye ua lililokuwa karibu na miguu yangu.

"Ndilo hili," nikamwambia.

"Wajuaje?"

"Mimi ndimi mamake."

Akafuta machozi, akachuchumaa kando yangu, tukasoma Fatiha juu ya kaburi la sijui nani.