Betri Moja Mpya

Mimi nilianza kwa kusukuma mkokoteni Malaba, shule niliacha darasa la tano, na leo nina lori mbili. Hakuna kitu kinaweza kunishangaza. Lakini juzi binti yangu alifungua kompyuta yake kuukuu ya gemu, akanionyesha pale anapotaka kuchomeka memori moja ya mtumba kando ya ile ya zamani ili mashine iende kasi, nikamkumbuka mama.

Alasiri moja, nikiwa mtoto, betri tatu kuukuu za redio zilikuwa juu ya bati, zikiota jua ili zipate nguvu, kando ya dagaa wa omena. Baba alikuwa kibarua Mombasa, na tangu mvua ianze hatukuwa tumesikia habari zake. Alikuwa ameahidi kututumia salamu redioni. Mama alipata betri moja tu mpya, akaichanganya na zile tatu.

"Mama, hii mpya itafundisha hizo zingine kazi?"

"Itafundisha, baba. Sasa nyamaza!"

Leo najua zile kuukuu zilikuwa zinainyonya tu. Lakini redio ilikwaruza, ikakohoa, kisha mtangazaji akasoma salamu za baba. Mama alicheka huku akijifuta macho kwa leso yenye harufu ya moshi. Asante, mama.

Kwa hivyo binti aliponiuliza kama memori moja itasaidia, mwezi wenyewe huu wa karo, sikumcheka.

"Itasaidia, mama," nikamwambia, nikatoa shilingi elfu mbili mia tatu na hamsini.