Nipige Mzima

Kama kuna neno lililonitoa jasho kuliko jembe la kaka yangu kule shambani Hasamba, ni neno "mzima". Watu wa Tunduma walinijia nalo tangu asubuhi. "Bwana Picha, nipige mzima." Walitaka kuonekana kuanzia nywele mpaka kucha za miguu, pasipungue kitu. Mimi nilikuwa nimefundishwa vingine. Mhindi mmoja wa Mbeya, ambaye nilianza kwake kwa kufagia studio nikaishia kuosha picha, alikuwa akisema kwamba picha ni uso, miguu kila mtu anayo. Nilimwamini, maana picha zake zilikuwa nzuri.

Ilikuwa miaka ya hamsini, na bei ya kahawa ilikuwa imempendeza kaka yangu. Akaninunulia kamera kuukuu ya yule Mhindi, ya miguu mitatu na kitambaa cheusi, kwa sharti moja: mavuno yajayo yakinikuta bado namwomba chumvi, kamera inauzwa na mimi narudi shambani kwake kuchuma. Nikapanga chumba karibu na kizuizi cha mpakani, pale yaliposimama malori ya kuwapeleka vijana migodini, Rodesia ya Kaskazini. Nilijua hakuna kijana atakayevuka bila kuwaachia wazazi picha. Hilo nililijua sawasawa. Ubishi ndio sikuujua.

Ukimpiga mtu mzima kwa kamera ile, ilikubidi urudi nyuma mpaka ukutani, na uso wake ukatoka mdogo kama punje ya mahindi. Niliwaeleza. Nikawaonyesha picha mbili, hii na hii, tazameni wenyewe, ipi ina mtu? Wote walinyoosha kidole kwenye ile ya punje. "Hii ina mtu. Hiyo nyingine umemkata." Umemkata! Kana kwamba nilikuwa nauza nyama. Halafu huyo huyo anayedai miguu yake ionekane amekuja pekupeku, na hataki ionekane pekupeku. Ikanibidi ninunue viatu vyeusi vya kuazimisha. Nenda leo nyumba za Chapwa ukatazame picha za zamani ukutani. Baba, mjomba na mchungaji wote wamevaa viatu vyangu.

Mtu mmoja tu hakubishana nami. Alikuwa mwanamume wa Kamsamba, kule bondeni kunakolimwa mpunga, njiani kwenda mgodini, na lori lilikuwa linampigia honi. Nikampiga nilivyopenda: kichwa na kifua, shati jeupe, macho yametulia. Akalipa, akaniagiza niwape picha wachuuzi wa mchele wampelekee mkewe, akakimbilia lori. Ile picha ilitoka nzuri mno. Niliitazama kwa muda kabla ya kuifunga kwenye karatasi, nikasema moyoni, sasa huko bondeni wataona picha ni nini.

Wakaiona. Haukupita muda mkewe akasimama mlangoni kwangu, vumbi mpaka magotini, mtoto mgongoni. Alikuwa amepanda milima yote ile kwa miguu. Hakusalimu.

"Baba, miguu ya mume wangu iko wapi?"

"Anayo mwenyewe, mama. Ameondoka nayo."

"Mbona hapa haipo?"

Akaitoa picha kwenye ncha ya kanga. Ndipo nilipojua balaa lililotokea. Kijijini kwao kulikuwa na mtu aliyerudi kutoka mgodini bila mguu, jiwe lilimwangukia. Basi picha yangu ilipofika, wakwe walihesabu viungo, wakakuta mtoto wao anaishia kifuani. Wakasema mpiga picha ameona haya kuonyesha yaliyobaki. Mama mkwe alikuwa ameshaanza kulia, na shemeji mmoja alikuwa ameshaanza kuuliza habari za ng'ombe wa mahari.

Nilimweleza kwamba picha ilipigwa kabla mumewe hajavuka, hapa hapa, kwenye benchi lile. Alitazama benchi, akanitazama. Nikasema lori lilikuwa linapiga honi. Akauliza honi inamkataje mtu miguu. Nilishikwa na hasira, nakiri, hasira ya kutaka kuipiga ile kamera teke. Nikaingia chumba cha dawa za kusafishia picha, nikaleta kile kioo chenyewe cha negativu kilichotoa ile picha, nikakiinua kwenye mwanga ili aone kwamba sikuficha kitu.

Sijui nilifikiri nini. Kwenye kioo kila kitu kiko kinyume. Mumewe alikuwa na uso mweupe, nywele nyeupe, na shati jeusi.

Yule mama alirudi nyuma mpaka akagonga mlango. "Nimekuja kutafuta mzima," akasema, "wewe unanionyesha mzimu!"

Wenye maduka walitoka nje wote. Tangu siku ile watu walipita upande wa pili wa barabara, na kaka alianza kutuma salamu za kuuliza habari za kamera.

Nikakubali yaishe. Nikaandika kibao kikubwa kwa rangi nyekundu: HAPA TUNAPIGA WATU WAZIMA. Mwalimu wa shule akaja kuuliza wakosaji wanapigwa fimbo ngapi. Akina mama nao wakawa wanawaacha watoto nyumbani, kwa kuwa kibao kilisema watu wazima peke yao. Nikakifuta. Nikaandika PICHA MZIMA. Mwalimu akarudi, safari hii na chaki sikioni, akanieleza kwamba picha haiwi mzima, picha huwa nzima. Nikamwambia picha siijali, mzima ni mtu. Alitikisa kichwa kwa huzuni. Lakini wateja walielewa, wakarudi, na mavuno yalipofika sikuwa namwomba mtu chumvi.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa nimeridhika na punje zangu za mahindi, siku lori moja la kutoka ng'ambo lilipomshusha mtu mbele ya kibao changu. Nilimtambua kwa macho. Shati lilikuwa jeupe vile vile. Suruali ilikuwa imekunjwa na kufungwa kwa pini chini ya goti la kushoto, na mkononi alikuwa na gongo.

Alikaa kwenye benchi lile lile. Akasema kwenda Kamsamba kwa mguu mmoja hawezi, milima ile ingemmaliza. Anataka kutuma picha kwa wachuuzi ili mkewe aje na mkokoteni wa ng'ombe kumchukua. Kisha akaweka mkono kifuani.

"Nikate hapa, ndugu yangu. Kama ile ya kwanza. Kijijini walishaona mmoja aliyerudi bila mguu. Wakiona mguu, hawatakuja."

Mwaka mzima nilikuwa nimemsubiri mteja wa kuniomba picha ya kifua, na Mungu akaniletea huyu! Nilimweleza, na nadhani nilimweleza kwa kelele, jinsi mkewe alivyokuja, alivyoulizia miguu, alivyokimbia kioo changu. Nikamwambia watu wake hawajui kusoma uso. Wanahesabu. Ukiwapa nusu watakuzika.

"Na nikiwapa yote?"

Nikamletea viatu kwa mazoea, nikaona upumbavu wangu, nikabaki nimevishika. Yeye akachukua kimoja, cha kulia, akakivaa, akafunga kamba taratibu. Kingine nikakiweka juu ya benchi. Akasimama na gongo lake. Nikarudi nyuma mpaka ukutani, nikampiga mwili wote, pamoja na pini.

Picha ikaenda na mchele. Alilala chumbani kwangu siku zile zote, na kila gurudumu lililolia barabarani alinyanyua kichwa. Nilimchukia kwa kunifanya nami nisikilize.

Mkokoteni ulifika mchana, ng'ombe wawili wamechoka, na yule mama akiwa mbele ameshika fimbo. Mumewe alikuwa ameegemea mlango. Mkewe akamtazama kutoka nywele mpaka kiatu, kisha suruali iliyokunjwa, hakuruka mahali. Nilikuwa tayari kwa kilio. Yeye akatoa picha kwenye ncha ya kanga, akanigeukia mimi, na sauti yake ilikuwa ile ile ya ugomvi.

"Leo hukumkata," akasema.

Kisha akaenda kumshika mkono mumewe ampandishe.