Boneti Iliyogeuzwa kwa Ajili Yangu

Gari aliloniachia marehemu mume wangu lilikuwa na boneti inayofungukia upande wa kioo cha mbele. Bawaba zake zilikuwa mbele kabisa, juu ya grili. Ukitaka kuona injini ilibidi usimame ubavuni, uegemeze tumbo kwenye madigadi, ndipo uiname. Ni gari la Kifaransa, refu, lenye nafasi ya mizigo nyuma, na liliundwa kabla sijazaliwa. Sokoni Kosele watu walikuwa wakinisimamisha kuniuliza kama naliuza.

Mume wangu alipofariki nilikuwa sijui hata kuliwasha. Aliyenifundisha ni ndugu yangu, tumbo moja, ambaye ni fundi wa bodi za magari Rongo. Alinifundisha kwanza kuendesha, kisha kusafisha plagi, kubadilisha fanbelti na kurekebisha kabureta. "Nyaminwa," aliniambia, yaani dada yetu kwa Kijaluo, "hizi gereji zitakumaliza. Jifunze mwenyewe."

Nikajifunza. Nilikuwa nanunua viazi vitamu Kosele, napakia mpaka dari, napita Rangwe kwenda kuuza Homa Bay. Wanawake wenzangu sokoni walicheka kucha zangu zilizojaa grisi. Sikujali. Kusema kweli, safari zenyewe sikuzipenda sana. Nilichokipenda ni pale gari lilipokataa kwenda, nikashuka, nikakunja mikono ya blauzi, nikainama juu ya injini mpaka nikapata kilichokuwa kimelegea. Hapo hakuna aliyenihurumia kwa ujane wangu. Nilikuwa mtu anayetengeneza gari lake.

Halafu mgongo ukaanza kuuma. Nilidhani ni magunia. Nikanunua dawa ya kuchua, nikaendelea. Miguu ikaanza kufa ganzi, kwanza nyayo, baadaye magoti, na asubuhi moja nikashuka kitandani nikaanguka kama nguo iliyotoka kwenye kamba. Daktari wa Homa Bay alieleza kwamba kuna kitu kimekaba uti wa mgongo na kwamba miguu haitarudi. Alisema kwa upole, akaniuliza kama nimeelewa. Nikamwambia nimeelewa.

Nilirudi nyumbani, nje kidogo ya Rongo, nikiwa kwenye kiti cha magurudumu. Kuanzia kiunoni kushuka sikusikia chochote, si baridi, si moto, si kuguswa. Aliyeniosha na kunigeuza ni mke wa shemeji yangu, tunayeishi naye boma moja. Ananiita nyieka, kama wake wa nyumba moja wanavyoitana kwetu, nami namwita hivyo hivyo. Hajawahi kulalamika. Mara nyingine nilitamani alalamike, ili na mimi nipate nafasi ya kusema kitu.

Gari lilibaki kwenye kibanda cha mabati. Kuku walitaga kwenye kiti cha nyuma. Mimi nilibaki chumbani pazia limefungwa.

Ndugu yangu alikuja kila Jumapili baada ya kanisa. Alikuwa akikaa kwenye stuli karibu na kitanda, ananipa habari za gereji, mimi naitikia tu. Jumapili moja alichoka na hali hiyo. Alinisukuma mpaka kibandani bila kuniuliza, akafukuza kuku, akafungua boneti.

"Angalia injini yako," akasema.

Nikaangalia. Kwa ubavuni, madigadi yalinifika mabegani. Nilinyoosha mkono ukaishia kwenye bati. Akanizungusha hadi mbele, na huko boneti yenyewe ilikuwa imesimama kama ukuta, imenipa mgongo.

"Nirudishe ndani," nikamwambia.

Hakunirudisha mara moja. Alisimama akiishika boneti ile, akiiinua na kuishusha. "Hii nikiigeuza," akasema polepole, "bawaba ziende huko kwa kioo, loki ikuje mbele, itafunguka kama hizi za kisasa. Wewe utaingia na kiti yako mpaka kwa bampa. Hautahitaji kusimama."

Nikamwambia asijisumbue. Nilimwambia kwamba hata nikiifikia injini, nani ataliendesha gari. Alijibu kwamba hayo ni ya baadaye. Wiki iliyofuata alikuja na gari jingine na mnyororo, akalivuta langu hadi Rongo.

Kazi ilikuwa ngumu kuliko alivyodhani. Alikata bawaba za zamani kwa mashine ya kusaga chuma. Akatafuta nyingine kwenye magari mabovu, lakini alipozichomelea upande wa kioo, boneti ilipofunguliwa ukingo wake wa nyuma uligonga bati lililo chini ya waipa. Alinipigia simu. Tangu niugue hakuna aliyekuwa amenipigia kuniomba ushauri. Walikuwa wakipiga kuniuliza naendeleaje.

"Inagonga huku nyuma," akasema. "Wewe ungefanyaje?"

Nilifikiri. Nikamwambia bawaba iliyonyooka haitafaa, atafute yenye shingo iliyopinda, ili boneti isogee mbele kidogo kabla ya kuinuka. Nikasikia akimwambia mtu amletee katoni akate mfano.

Alizikunja mwenyewe zile bawaba kutoka kwenye chuma cha kitanda. Baada ya hapo ikawa shida ya loki. Nilimsihi aweke na ndoano ya pili ya usalama, kwa sababu boneti ya namna hiyo loki ikiachia barabarani upepo unaiinua yote inaziba kioo. Tulibishana mahali pa kupitisha waya wa kuvutia loki. Wateja wake walilalamika kwamba magari yao yamelala kwa ajili ya gari la kizamani. Alinihadithia hayo akicheka.

Sitaki kusema kwamba nilipata tumaini. Lakini pazia lilikuwa linafunguliwa asubuhi, na siku gari lilipokuwa linarudi nilimwomba nyieka anivalishe mapema.

Ndugu yangu aliliendesha mwenyewe mpaka uani. Alikuwa amelipaka rangi mbele, na pale palipochomelewa huwezi kupaona. Alivuta waya ndani, akashuka, akaja mbele, akaingiza vidole chini ya ukingo, akaifungua boneti. Iliinuka bila kugonga popote, ikasimama juu ya kioo. Nyieka alipiga makofi kidogo.

"Haya, njoo," ndugu yangu akasema.

Nilisukuma magurudumu kwa mikono yangu mwenyewe mpaka magoti yakagusa bampa. Mbele ya uso wangu kulikuwa na grili. Juu ya grili, usawa wa kidevu changu, kulikuwa na bati la kukingama linaloshikilia rejeta na loki. Nyuma ya bati ni rejeta, nyuma ya rejeta ni feni, na injini ilianzia huko. Nikanyoosha mkono wote, bega likagusa bati. Vidole vilifika kwenye kifuniko cha rejeta, vikaishia hapo. Kabureta niliiona kwa juu tu, kama mtu anavyoona paa la nyumba ya jirani.

Tulikuwa tumefikiria kila kitu, yeye akiwa amesimama gereji, mimi nikiwa nimelala na simu sikioni. Hakuna aliyekuwa amepima urefu wa mtu aliyekaa.

"Imefunguka vizuri," nikasema.

Aliisikia sauti yangu. Alikuja akachuchumaa kando ya kiti, kichwa chake kikawa sawa na changu, akatazama ninapotazama. Nyieka bado alikuwa anatabasamu nyuma yetu, hajaelewa.

"Naweza kukata na hapa," akasema akigusa lile bati.

"Ukikata hapo rejeta itashikwa na nini?"

Jibu alilijua kabla yangu.

Lakini hakutaka kushindwa siku ile. Alileta mbao zilizobaki kwenye ujenzi wa choo, akazipanga mbele ya bampa, yeye na nyieka wakanipandisha na kiti. Nilikuwa juu zaidi kweli. Wakanisukuma mpaka magoti yakabana kwenye grili, nikainama, kifua kikalala juu ya bati. Mkono ulifika kwenye mipira ya maji na waya wa plagi ya kwanza. Niliushika ule waya. Ulikuwa na joto la safari. Nikajaribu kuusogeza mwili niende mbele zaidi, lakini mwili wangu wa chini haunisaidii, na nilipotaka kurudi nikashindwa. Nikabaki pale kifudifudi juu ya gari langu, nikisubiri kuinuliwa.

Waliponishusha, nyieka ndiye aliyeona damu. Ilikuwa imeshuka kwenye mguu na kujaa kwenye kiatu, na mimi sikujua. Vipande vya bawaba za zamani vilikuwa vimebaki kidogo chini ya ukingo wa mbele. Goti langu la kushoto lilikuwa limejikita kwenye kimoja wakati wote nilipokuwa nikiushika waya.

"Haukusikia uchungu?" ndugu yangu aliniuliza, kisha akakumbuka anauliza nini. Akaenda nyuma ya kibanda. Alikaa huko mpaka nyieka akamaliza kunifunga kitambaa.

Kidonda kile hakijapona mpaka leo. Kidonda cha mguu ambao hautembei kina tabia yake. Kinafunga juu, kinaoza chini. Nimepelekwa Homa Bay kusafishwa mara kadhaa, na muuguzi huwa anauliza nilikatwa na nini. Mwanzoni nilieleza habari ya boneti yote, jinsi ilivyokuwa na jinsi ilivyogeuzwa. Siku hizi nasema ni bati. Nimeambiwa nilale ubavu mmoja, na nikilala hivyo natazama ukuta.

Ndugu yangu bado huja Jumapili. Amekonda. Nimemwambia kwamba hakuna kosa alilofanya, na ni kweli, kazi yake ilikuwa safi. Kuna mtu wa Migori mwenye gari kama langu alikuja kuiangalia boneti akataka afanyiwe hivyo hivyo. Ndugu yangu alimwambia hafanyi tena kazi ya namna hiyo. Simu za kuniuliza ningefanyaje zilikoma. Sikumuuliza kwa nini.

Jumapili moja baadaye aliniambia kwamba mvua inaingia kwenye injini, kwa sababu boneti ikigeuzwa haiketi sawasawa kwa upande wa kioo, na kwamba kutu imeanza. Akaniuliza kama anaweza kulichukua gari, pengine litafaa kwa vipuri.

"Chukua," nikamwambia.

"Nitakuja na mnyororo wiki ijayo."

"Sawa."

Nyieka akaleta chai. Tukainywa, ndugu yangu akitazama sakafu, mimi nikitazama ukuta. Hiyo wiki ijayo ameitaja mara nyingi sasa, gari bado liko uani, na kila akiitaja mimi huitikia.