Karatasi Inayosema Mama Yake Aliridhika

Naomba jina langu lifichwe, kwa maana hapa Bulengera watu bado wananiamkia kwa heshima. Nina umri wa miaka themanini na minne, ni mjane na mwalimu mstaafu.

Miaka michache baada ya uhuru, waasi walipokwisha kuondoka, nilitumwa na serikali kama karani pande za Mabalako, kuwauliza wanawake wanauonaje mpango mpya: kuzalia hospitali ndogo tu, si kwa wakunga wa kijiji. Kila mwanamke alikuwa na karatasi yake: ameridhika, au hakuridhika. Nilikuwa kijana wa adabu kupita kiasi. Niliona ni aibu kuzungumza na mke wa mtu pembeni, basi niliwauliza mbele ya waume zao.

Kwa Masika, aliyekuwa na mimba, mume alijibu upesi: "Anafurahi, karani! Angalia vile ananenepa!" Watu wakacheka. Masika akatazama chini. Nikaandika: ameridhika.

Baadaye alinifuata peke yake mpaka kwenye migomba. "Karani, andika ingine. Ile ni ya bwana yangu. Ule infirmier, muuguzi wa hospitali, anatutukanaka mbele ya batu, anasema tunanuka. Miye siendi kule tena."

Nilimjibu, "Mama, nimekwisha kuandika kwa wino." Karatasi zangu zilisifiwa kwa usafi. Sikutaka kufuta.

Wakubwa walisoma kwamba wanawake wote wameridhika. Wakunga wakakatazwa. Siku ya Masika ilipofika, hakuna mkunga aliyethubutu kumgusa, naye alikataa kwenda hospitali. Alijifungulia shambani, peke yake. Mtoto alipona. Yeye hakupona.

Mtoto huyo ni Kavira, jirani yangu, ambaye leo ana wajukuu. Kila Jumapili baada ya misa huniletea sombe, ile mboga ya majani ya muhogo. Mwezi uliopita niliteleza ulimi, nikamwambia kwamba nakala ya karatasi ya majibu ya mama yake imo sandukuni mwangu. Akapiga magoti.

"Baba, sina hata photo yake. Unipatie ile karatasi. Tutaisoma siku ya misa ya kumukumbuka, batoto na bajukuu basikie sauti ya koko, bibi yabo."

Sauti iliyomo ni ya mume, na mwandiko ni wangu. Nikimpa, wajukuu watasikia kwamba Masika alikipenda kilichomwua. Nikimweleza, huenda sombe ya Jumapili iliyopita ilikuwa ya mwisho, nami sina mtu mwingine. Oneni: hata sasa najifikiria mimi kwanza.

Misa ni Jumamosi hii. Nishaurini, wanangu: nimpe karatasi safi, au nimwambie maneno niliyokataa kuyaandika?