Pasi ya Mama Jirani Kwenye Meza ya Uhuru

Siku ile ukumbini tulikuwepo mimi, mdogo wangu wa kiume anayenifuata, kitinda mimba wetu aliyevaa viatu vyangu, mama jirani wa mlango wa pili, kijana aliyeletwa kutoka Lubumbashi kutuelezea vitu vyetu, rais wa kamati, na baadaye mgeni rasmi pamoja na watu wa kumpiga picha. Nawataja wote kwa sababu kila mmoja anasimulia kivyake, na katika masimulizi ya rais wa kamati mimi sipo kabisa.

Kamati ilikuwa imetangaza kwamba kwa sikukuu ya uhuru kutakuwa na maonyesho ya vitu vya kale katika ukumbi wa zamani wa wafanyakazi. Wakapita mtaa wetu wa Kapata nyumba kwa nyumba wakiomba vitu walivyotumia wazee. Walipofika kwenye mstari wetu wa nyumba walinikuta mlangoni napiga pasi. Ndiyo kazi iliyotulea tangu baba alipotutoka, kisha mama, nami nikaacha shule. Nilinyosha nguo za walimu, za makarani na za wanakwaya kwa pasi ya makaa, maana umeme kwetu huja kusalimia tu.

Pasi yenyewe haikuwa yangu. Mama jirani, mjane wa familia iliyotoka Kasai kufuata kazi ya mgodi, alinikopesha wakati wa matanga ya mama. Sharti lake lilikuwa moja: isirudi tupu. Kwenye mstari wetu chombo cha jirani hurudi na kitu ndani. Sahani hurudi na karanga au chumvi, na pasi hurudi imejaa makaa, makala kwa lugha ya kwetu. Kabla ya hapo, kitu kinahesabika kingali mkononi mwa aliyekopa, hata kikilala kwa mwenye mali.

Watu wa kamati walipouliza kama kuna kitu cha zamani, mama jirani alinyosha kidole moja kwa moja kwenye mkono wangu. Akawaeleza jinsi marehemu mume wake alivyoipata alipoingia kampuni, na alivyokuwa hatoki nyumbani bila mstari kwenye suruali. Wakamsifu sana. Nikamwaga makaa, nikaitoa na majivu yake. Ningesema nini? Kitu ni chake. Alinifariji kwamba ni heshima, na kwamba haitakawia kurudi.

Ilikawia. Kulikuwa na kazi ya kuvipa vitu namba, kisha kazi ya kutafuta meza. Wateja wangu wakahamia kwa mtu mwenye jenereta karibu na soko. Mdogo wangu akaanza kurudi na vumbi la machimbo kwenye viatu. Alisema rafiki zake wanaosha mawe kule na nafasi haikosekani. Nikamwambia maadamu nina mikono atamaliza shule. Aliniuliza, bila ubaya wowote, nitamsomesha kwa pasi gani.

Basi siku ya sikukuu tuliingia ukumbini wote. Meza ndefu ilikuwa na kofia za wachimbaji, taa zao, beseni la bati, mbabula ya kupikia kwa makaa na, katikati kabisa, pasi yetu. Karatasi iliyoegemezwa kwake ilisema kwamba ilitumiwa zamani katika kambi za wafanyakazi. Mdogo wangu alizunguka meza taratibu, kama mtu anayehesabu mali ya nyumbani.

“Yaya,” akaniita mimi mkubwa wake, “mbabula yetu iko hapa, beseni yetu iko hapa. Tukisimama sana batatuandikia na siye karatasi.”

Hata kijana wa Lubumbashi alicheka.

Ndipo bendera ilipotolewa. Ilikuwa mpya, imetoka kwenye mfuko wa plastiki, na walipoitundika nyuma ya kiti cha mgeni rasmi ilikuwa na mikunjo ya miraba kama ukurasa wa daftari la hesabu. Rais wa kamati alikuwa ameleta pasi ya umeme. Umeme ukakatika. Akaitazama bendera, akaitazama meza, kisha akanitazama mimi. Alininong’oneza nifanye haraka, na nisikwaruze kitu cha historia.

Mwanamke aliyekuwa akichoma nyama ya mbuzi getini alinipa makaa mekundu. Nikainyosha bendera ya taifa kwa kitu ambacho hakitumiki tena. Nilipovuta maji kinywani na kuyapuliza juu ya kitambaa, kama tunavyofanya wote wa kazi hii, rais wa kamati aligeukia dirisha.

Mgeni rasmi akafika kabla sijamwaga makaa. Pasi ilirudishwa mezani mbiombio, na karatasi yake ikaanza kuwa ya kahawia pembeni. Kijana wa Lubumbashi alieleza vizuri, kwa moyo wake wote, taabu walizopata bibi zetu. Mgeni akaguswa. Mbele ya kamera aliweka kiganja chote juu ya mfuniko ili aisikie historia.

Hakupiga kelele, kwa hilo lazima nimsifu. Kwenye picha macho yake yana machozi, na rais wa kamati husema hajawahi kumwona kiongozi mwenye uchungu na wazee wake namna ile.

Pengine ni maumivu yaliyomfanya atangaze kwamba kitu cha thamani hivi kisirudi tena majumbani. Kingepelekwa Lubumbashi, kiwe mali ya taifa. Watu wakapiga makofi. Mdogo wangu hakupiga. Alinitazama kama mtu aliyepata jibu la swali lake.

Mama jirani akainuka kutoka kiti cha mbele alichopewa kama mfadhili.

“Aksanti, tata mukubwa. Lakini ile pasi mi siwezi kuitoa.”

Rais wa kamati alimkumbusha, akitabasamu kwa meno tu, kwamba alikwisha kuitoa.

“Nalikosea. Mi nalikopesha huyu mutoto, na hajanirudishia bado. Pasi yangu inarudiaka na makala ndani. Ye alibapa ba kamati na majivu. Kitu chenye kiko mu deni ya mutu, nitakitoa namna gani?”

Mtu mmoja wa kamati akasema kwamba sasa hivi ndani yake mna makaa, tena yanawaka.

“Ile makala ni ya mwenye kuchoma mbuzi,” akasema mama jirani, na akakaa.

Ukumbi mzima ulicheka. Mgeni rasmi, kiganja kikiwa kwenye leso, alitamka kwamba mila ziheshimiwe, akaondoka kwa haraka iliyoeleweka. Maonyesho yaliendelea na karatasi peke yake katikati ya meza, imeungua pembeni, na watu walikuja kuisoma.

Mdogo wangu ndiye aliyebeba pasi hadi nyumbani. Sasa yuko shuleni, na analalamika kila siku.

Mama jirani huniuliza mbele za watu ni lini nitamrudishia pasi yake, kisha ananipa kitenge cha misa nikinyoshe. Siku moja nilipata gunia zuri la makaa kutoka njia ya Lubudi. Nikaijaza pasi mpaka juu na kwenda nayo mlangoni kwake. Aliniona ningali njiani. Akaingia ndani, akafunga mlango, na nikasikia komeo.

Kwa hiyo bado ananidai pasi moja, imejaa makaa.